Saa ya babu ina dhahabu za rangi nne: ni feki?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Ujiji, Kigoma. Mama amenikabidhi saa ya marehemu babu, aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Ni Omega Constellation yenye tarehe, ile inayojijaza ufunguo yenyewe ukiivaa. Kinachonichanganya ni dhahabu yake. Bodi ni njano iliyokolea, kitufe cha kutilia ufunguo kimeelekea wekundu, mkanda wa springi umepauka kama majani makavu, vijiti vya saa usoni vinang'aa kuliko vyote, na mfuniko wa nyuma ni mweupe kabisa. Fundi wa kwanza kaniambia saa halisi haiwezi kuwa na dhahabu za rangi nne, hii imeungwaungwa. Wa pili anataka kuinunua kwa uzito, kama dhahabu chakavu. Wa tatu anasema nimpe aichovye yote iwe rangi moja. Nimwamini nani? Nimekutumia picha sita.

Jibu: Marahaba mwanangu. Wa tatu mkimbie kabisa. Wa pili mwambie saa haiuzwi. Wa kwanza usimcheke, maana kaona jambo la kweli akalitafsiri vibaya.

Nimezikuza picha zako zote. Ninachokiona ni bodi ya chuma cha pua iliyovishwa ngozi ya dhahabu, mfuniko wa nyuma uliokuja na saa, kitufe kilichobadilishwa njiani, na mkanda ambao haukuzaliwa na saa hiyo. Vijiti vya usoni ni vya kwake. Kwa hiyo zile dhahabu nne na weupe wa mfuniko, kila moja ina sababu yake, na hakuna hata moja inayoifanya saa kuwa feki. Sasa tuchambue, kwa sababu wengi wenye saa za wazee wao hufikwa na maneno hayohayo uliyoambiwa wewe.

Kwanza ondoa kichwani wazo kwamba dhahabu ni rangi moja. Hapa Tabora kila mtu anajua asali. Debe moja litakuja jepesi kama chai ya rangi, jingine jeusi kama mafuta ya gari, na yote ni asali ya nyuki walewale. Kilichotofautiana ni maua na msimu. Dhahabu ya saa nayo ni mchanganyiko. Dhahabu tupu, karati 24, ni laini mno kubeba saa mkononi, ingekwaruzika kwa kifungo cha shati. Kwa hiyo huchanganywa. Karati 18 maana yake ni sehemu 750 za dhahabu katika kila 1000. Karati 14 ni 585. Karati 9 ni 375. Zile sehemu zinazobaki ndizo zinazoamua rangi.

Waswisi wana mapishi yao ya karati 18 yanayojulikana kwa namba. Yale wanayoyaita 2N yana fedha 160 na shaba nyekundu 90, na rangi yake ni njano ya kupauka. 3N yana fedha 125 na shaba 125, njano ya kukolea. 4N yana fedha 90 na shaba 160, inaanza kuwa ya waridi. 5N yana fedha 45 na shaba 205, hiyo ni nyekundu hasa. Angalia hapo: zote nne ni karati 18, zote zina dhahabu 750, na zikipigwa mhuri zitapata mhuri uleule. Ukizilaza juu ya kitambaa cheupe utaapa kwamba moja tu ndiyo ya kweli. Ukitia nikeli au paladiamu badala ya shaba, dhahabu inakuwa nyeupe, na hapo ndipo watu hupoteza mali bila kujua. Rolex Datejust ya zamani yenye namba 1601 ina bodi ya chuma cha pua, lakini ile pete yenye mifereji inayozunguka kioo ni dhahabu nyeupe. Nimewahi kuletewa moja ambayo mwenyewe alikuwa ameikwangua pete kwa msasa ili "chuma king'ae".

Kingine kinachobadili rangi ni nchi iliyotoka. Tanganyika ilikuwa chini ya Mwingereza hadi 1961, na saa nyingi za wazee wetu zilipita kwenye mikono ya biashara ya Uingereza. Huko karati 9 ilikuwa kitu cha kawaida kabisa, hasa kwa saa za zawadi ya utumishi wa muda mrefu zilizochorwa maneno nyuma. Mashine ilitoka Uswisi, bodi ikatengenezwa Birmingham na kiwanda cha Dennison, kilichofungwa 1967. Omega halali yenye bodi ya Dennison ya karati 9 itakuwa na rangi tofauti na Omega halali ya karati 18 iliyotoka Uswisi moja kwa moja. Tena karati 9 ina fedha na shaba nyingi kuliko dhahabu yenyewe, kwa hiyo jasho na hewa huipa weusi ambao karati 18 ya njano haiupati kirahisi. Mara ngapi nimesikia "dhahabu haiwezi kuwa nyeusi"? Ya karati 9 inaweza, ikikaa mkononi mwa mtu mwenye jasho kali hapo Kigoma kando ya ziwa.

Sasa tuje kwenye bodi ya saa yako, maana hapo ndipo penye kisa.

Chukua picha ya tatu, ile uliyoigeuza saa chali. Tazama masikio ya saa, yale manne yanayoshika mkanda. Kwa juu ni njano. Fuatilia kwa kucha mpaka upande wa chini: kuna mstari mwembamba ambapo njano inaishia na weupe unaanza. Mstari huo umenyooka, ukingo wake ni safi, na haujapauka polepole kama rangi iliyosuguliwa. Huo ndio ushahidi wa bodi ya kuvishwa. Kiwandani walichukua karatasi ya dhahabu halisi wakaifinyanga juu ya bodi ya chuma cha pua, kama unavyovisha mto foronya, ila foronya hii imegandamizwa haitoki. Karatasi hiyo ni nene. Omega walitengeneza Constellation, ukoo ulioanza 1952, kwa chuma tupu, kwa dhahabu tupu, na kwa namna hii ya kuvishwa. Ile ya dhahabu tupu mfuniko wake nao ni dhahabu. Ya kuvishwa hupewa mfuniko wa chuma, ambao unagusa ngozi na jasho mchana kutwa na hauonekani na mtu. Kwa hiyo weupe wa mfuniko wako, wenye picha ya jengo la kutazamia nyota na nyota zake nane, ndivyo ulivyotakiwa kuwa. Ungekuwa wa njano juu ya bodi hiyo ndiyo ningeshtuka.

Kuvishwa ni tofauti sana na kuchovya. Dhahabu ya kuchovya hupandishwa kwa umeme ndani ya maji ya dawa, na unene wake hupimwa kwa mikroni. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Saa nyingi za Uswisi za miaka hiyo zimepigwa mhuri wa mikroni 10 au 20 nyuma ya masikio au kwenye mfuniko. Unywele wa kichwa chako ni kama mikroni 70, kwa hiyo mikroni 20 ni chini ya theluthi ya unywele. Inachakaa. Inaanzia kwenye ncha za masikio, pale mkono wa shati unaposugua, kisha ubavuni karibu na kitufe. Chini yake utaona kwanza weupe wa nikeli, halafu shaba ya njano. Shaba ya njano ikikaa na jasho inageuka kahawia, mara nyingine na ukoga wa kijani. Ukiona ngazi hiyo ya rangi tatu kwenye ncha moja ya sikio, umemaliza uchunguzi, huhitaji mashine.

Wamarekani walikuwa na njia ya katikati, bati la dhahabu lililounganishwa kwa moto na shinikizo juu ya shaba. Sheria yao ilitaka dhahabu hiyo isipungue sehemu moja ya ishirini ya uzito wote. Hapo tunafika kwenye mkanda wako.

Kwenye picha ya nne, ndani ya kipande cha mwisho cha mkanda, kuna maandishi madogo: 1/20 10K G.F. Yasome hivi. G.F. ni "gold filled", ndilo hilo bati la Kimarekani. Sehemu moja ya ishirini ya uzito ni dhahabu ya karati 10, na karati 10 yenyewe ni dhahabu safi kama asilimia 42 tu. Zidisha: mkanda wa gramu 30 una gramu moja na nusu ya dhahabu ya karati 10, na ndani ya hiyo dhahabu safi ni takriban gramu 0.6. Ndiyo maana umepauka. Karati yake ni ya chini, na mikanda ya springi inajisugua yenyewe kila unapoivuta kupitisha kiganja. Mikanda hii ilikuwa fasheni kubwa tangu mwisho wa miaka ya 1950, iliuzwa peke yake madukani, na wazee waliipenda kwa sababu haina bizimu wala pini za kuhangaika nazo. Babu yako alinunua saa, baadaye akanunua mkanda. Hakuna kosa hapo. Ila uvue. Ncha za mikanda ya springi hutafuna masikio kwa ndani, na kwenye bodi ya kuvishwa ukitoboa ngozi hiyo, jasho linaingia kati ya dhahabu na chuma na hakuna fundi atakayeirudisha. Weka mkanda wa ngozi. Huo wa springi uhifadhi kwenye bahasha, ni kumbukumbu ya mzee.

Kitufe. Katika saa zote za zamani hiki ndicho kipande kinachobadilishwa kuliko vyote, na saa yako ina sababu ya ziada. Mashine niliyoiona kwenye picha ya tano, ile aliyofungua fundi wa kwanza, ni ya namba 561, yenye vito 24, yaani vijiwe vidogo vya kupunguza msuguano ndani. Mashine nzuri kupita kiasi, lakini tarehe yake haina njia ya mkato: ukiiacha saa ikalala siku kumi, unaizungusha mishale kupita saa sita usiku, unarudi, unapita tena, mpaka tarehe ifike. Mashine ya 564 iliyoifuata ilirahisisha kazi hiyo, unavuta kitufe tu. Sasa fikiria kitufe cha 561 kimesokotwa namna hiyo miaka 30, na vidole vyenye jasho na mafuta ya mawese. Meno yanaisha, mpira wa ndani unakauka, maji yanaingia, fundi anaweka kingine alichonacho.

Kwamba ni kingine najuaje? Constellation nyingi za miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 zilitoka na kitufe cha pande kumi, chenye alama ya Omega usoni. Chako ni cha duara, meno membamba, uso mtupu. Na wekundu wake nimeukuza: ncha za meno ni nyekundu-kahawia, mabonde kati ya meno bado ni ya njano. Hilo ni jambo dogo lakini libebe kichwani. Wekundu ukiwa sawasawa juu na mabondeni, hiyo ni rangi ya dhahabu yenyewe, ya waridi. Wekundu ukiwa nchani tu, hiyo ni shaba iliyochungulia baada ya dhahabu ya kuchovya kulika. Chako kimelika. Kitufe sahihi kinapatikana, kwa subira, na ukikipata, hiki cha sasa usikitupe, funga kwenye karatasi pamoja na mkanda.

Vijiti vya saa usoni vinang'aa kwa sababu viko chini ya kioo. Havijaonja jasho, sabuni wala vumbi la Septemba. Kwenye saa za daraja hilo mara nyingi vilikuwa dhahabu hata bodi ikiwa ya chuma. Kuanzia 1973 viwanda kadhaa vya Uswisi viliungana kuitangaza dhahabu, vikaanza kuweka alama ndogo ya herufi ya Kigiriki, sigma, pande mbili za maandishi ya "Swiss" chini ya uso wa saa, kumwambia mnunuzi kwamba vijiti au mishale ni dhahabu. Saa yako haina alama hiyo na haikutakiwa kuwa nayo: namba iliyo kwenye mashine inaanza na milioni 20, hiyo ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mtu akikuuzia saa ya miaka hiyo ya mwanzoni mwa 1960 yenye sigma, uso wake umebadilishwa.

Na kwa kuwa tumefungua nyuma: utakuwa umeona mashine yenyewe ina rangi ya shaba nyekundu inayopendeza. Fundi wa pili, yule wa uzito, huenda ndiyo iliyomtia tamaa. Huo ni mpako wa kawaida wa mashine za Omega za wakati huo, mwembamba mno, hauna cha kukwangua.

Turudi kwa fundi wa kwanza, maana nilisema usimcheke. Bei ya dhahabu ilifungwa kwenye dola 35 kwa aunsi tangu 1934 hadi Marekani ilipouvunja utaratibu huo 1971. Kufika Januari 1980 aunsi ilikuwa imegusa dola 850. Unadhani nini kiliwapata watu wenye saa za dhahabu tupu? Bodi nyingi zilivuliwa zikayeyushwa, mashine zikabaki uchi kwenye droo za mafundi. Mashine hizo baadaye zikavishwa bodi nyingine, za namba nyingine, za viwanda visivyojulikana. Saa za kuungwaunga zipo kweli, nyingi, na fundi mwenye umri wangu ana haki ya kushuku. Alichokosea ni kutumia rangi kama hakimu. Alitakiwa ageuze mfuniko asome ndani. Kwako kuna 168.005, mhuri wa Omega, na namba hiyo ni ya Constellation iliyobeba mashine za aina hiyohiyo. Bodi, mfuniko na mashine vinaongea lugha moja. Kitufe na mkanda ndio wageni.

Kwa saa za dhahabu tupu kuna mihuri ya serikali ambayo inafaa uijue hata kama yako haina. Ya Uswisi ya zamani: kichwa cha mwanamke kwa karati 18, kindi mdogo kwa karati 14, na tangu 1995 kichwa cha mbwa. Ya Uingereza: nanga kwa Birmingham, kichwa cha chui kwa London. Huwa ndani ya mfuniko, na nyingine ndogo nyuma ya masikio. Hiyo ya masikioni ndiyo inayotangulia kufutika saa ikipigwa polishi kila mwaka, kwa hiyo mhuri uliofifia pia unakwambia kiasi gani cha dhahabu kimeishia kwenye kitambaa cha fundi.

Sasa yule wa uzito. Wanunuzi wa dhahabu wa Nzega na kwingine hutumia jiwe na tindikali: unasugua kitu juu ya jiwe jeusi, unadondosha tindikali ya nitriki, unatazama mstari unavyopotea au kubaki. Kwa dhahabu ya mgodini au pete nzito ni njia nzuri, imetumika karne na karne. Kwa saa inadanganya, kwa sababu jiwe linaonja ngozi tu. Bodi ya kuvishwa kama yako itafaulu kama dhahabu halali, na kweli ngozi ni halali, lakini chini yake ni chuma. Tufanye hesabu ya makadirio. Eneo la juu la bodi kama sentimita za mraba 12, unene tuuweke mikroni 100, ujazo wake ni sentimita za ujazo 0.12. Ikiwa ni karati 14, uzito wake ni kama gramu 1.6, na dhahabu safi ndani yake haifiki gramu moja. Kwa hiyo akikulipa kwa uzito wa bodi nzima anajidanganya, na akikulipa kwa dhahabu iliyomo anakuibia saa nzima yenye mashine ya 561 inayotembea. Mimi sijawahi kumwona mnunuzi anayejidanganya.

Ukitaka kujua mwenyewe bila kukwaruza, iko njia ya maji. Lazima fundi aitoe mashine, kioo na mipira yote, ibaki bodi kavu peke yake. Usije ukathubutu na mashine ikiwa ndani. Chukua mizani ndogo ya kidijiti ya sonara. Pima bodi, andika. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe sifuri, kisha ining'inize bodi kwa uzi izame bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayotokea ndiyo uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Tuseme bodi ni gramu 14.0 na maji yanasoma 1.6: jibu ni 8.75. Dhahabu ya karati 18 ingekupa kama 15.5, karati 14 kama 13, karati 9 kama 11. Shaba ya njano ni 8.5 hivi, chuma cha pua 7.9. Kwako natarajia namba iangukie juu kidogo ya chuma. Tikisa viputo vya hewa vitoke, vinadanganya sana kwenye matundu ya pini.

Na macho yako uyape mwanga wa haki. Usihukumu rangi ya dhahabu chini ya taa ya dukani, taa nyeupe inaua wekundu na taa ya njano inaupika. Toka nje asubuhi saa nne, kaa kwenye kivuli chenye mwanga. Mimi hutoka na kiti mpaka chini ya mwembe ulio mbele ya kibanda, wateja wanadhani napumzika.

Kuhusu kuichovya yote iwe rangi moja, nikueleze lililonipata mwenyewe. Nilikuwa bado kijana kwenye kazi, mwalimu mmoja mstaafu akaniletea saa ya bodi nyekundu yenye mkanda wa njano. Nikaona aibu kwa niaba yake. Nilidhani bodi imelika, nikaipiga polishi ya nguvu mpaka kingo zikalainika, nikaipeleka kwa sonara ikachovywa njano, ikafanana na mkanda. Mzee alifurahi. Miaka mingi baadaye mwanawe akaja nayo, mpako wangu umeanza kutoka, chini yake wekundu uleule, safi, sawasawa kila mahali. Nikafungua ndani kwa jicho nililokuwa nimelikuza kidogo tangu wakati ule: kichwa cha mwanamke, hafifu, karati 18. Ilikuwa dhahabu ya waridi tangu kiwandani. Mpako nikaweza kuutoa. Kingo nilizozila kwa polishi, hapana, na masikio yake hadi leo ni mviringo kama ya saa ya mtoto. Kijana wa watu hakunisema kitu, alinishukuru, na ndiyo iliyoniuma.

Kuchovya siku zote huanza na kusugua, na saa yako ina mstari ule chini ya masikio. Ukifutika huo, hata mimi nitashindwa kuthibitisha kwamba ngozi ya juu ni dhahabu ya kiwandani. Itakuwa saa ya chuma iliyopakwa rangi, na atakayeinunua atakulipa hivyo. Safisha kwa kitambaa laini chenye maji kidogo na tone la sabuni, mfuniko ukiwa umefungwa, kisha kausha. Basi. Ukoga mweusi kwenye kona usiuchokonoe kwa sindano.

Dhahabu nyekundu yenyewe nayo hubadilika kwa muda, kwa sababu ya shaba nyingi. Maji yenye klorini huipausha. Ndiyo sababu Rolex mwaka 2005 walitoka na dhahabu yao ya waridi waliyoiita Everose, wakatia platinamu kidogo ndani ili rangi isikimbie. Kama kampuni hiyo, yenye jina la kuunganisha chuma na dhahabu tangu 1933, Rolesor, ilihangaika na rangi kiasi hicho, usishangae saa ya babu wa reli kuwa na rangi nne baada ya miaka 60.

Ukija Tabora kwa treni, njoo na saa, mkanda, na picha yoyote ya babu akiwa ameivaa. Hata ya nyeusi na nyeupe inatosha. Nataka kuona kama kwenye picha kitufe kina kona, na kama ameivalia mkanda wa ngozi au huo wa springi. Mama muulize pia kama mzee aliwahi kuipeleka Dar es Salaam kwa matengenezo. Ndani ya mfuniko kuna mikwaruzo miwili ya herufi na tarehe ambayo si ya kiwandani, mafundi wa zamani walikuwa na desturi hiyo, na mmoja wao huenda ndiye aliyetuachia kitufe hicho.